Maharage ya Bibi Yaliyokosa Mvua

Sisi tuliozaliwa kabla nyumba za kijiji cha Murungu hazijapangwa mistari tunakikumbuka kilima. Mtu aliulizwa kilima chake kwanza, jina baadaye. Chetu kilikuwa na kaya chache na migomba mingi, tukicheza kombolela humo mchana kutwa jua lisituone. Tulirudi na utomvu kwenye sare za shule. Bibi aliusugua kwa majivu, akatusema, na utomvu ukabaki palepale.

Baba na mama walikuwa Tanga kwenye katani. Nililelewa na bibi, mjane. Kilimani kwetu mjane alilimiwa kwanza. Mvua ikianguka, kaya zote zilianzia kwake, ndipo kila mtu alipogeukia shamba lake mwenyewe. Bibi aliwapikia ugali wa muhogo, na jirani yetu mzee Bukuru hakukosa la kumtania.

"Mchumba, leo umetubania chumvi!"

"Lima kwanza. Chumvi utailamba kwenye jasho lako."

Nikiwa darasa la tatu tukahamishiwa kijijini, kando ya barabara. Viwanja viligawiwa kwa namba. Bibi akaangukia mwanzo wa kijiji, mzee Bukuru na wenzake mwisho kabisa. Majirani wetu wapya walitoka kilima kingine.

Mvua ikaanguka. Bibi akaweka kikapu cha mbegu za maharage mlangoni, akakaa. Siku ya kwanza, ya pili, ya nne. Majirani walipita na majembe, wakamwamkia kwa heshima, wakaenda zao. Kumlimia mjane wa kilima kingine kungekuwa kuwatukana watu wake kwamba wamemtupa.

"Bibi, nikamwite mzee Bukuru?"

"Mtu haombi kulimiwa, mwanangu. Akiomba, ameshakuwa ombaomba."

Tulilima wenyewe kipande kidogo, mimi na yeye na mguu wake mbovu. Tulipanda tumechelewa. Maharage yakatoa maua, mvua ikakatika, yakakauka hivyohivyo. Mbegu zilizobaki tulizichemsha tukala.

Mzee Bukuru alikuja kusalimia wakati wenzetu wanavuna. Akatazama shamba, akavua kofia.

"Kwani hawakuja?"

"Akina nani?"

"Hawa mnaopakana nao. Sisi tulijua wamekulimia wao."

"Wao waliwangoja nyinyi," bibi alisema.

Bibi hakuzifikia mvua zilizofuata.

Chuo kikuu niliwachosha wahadhiri kwa maswali. Walijua kueleza ardhi ni ya nani, na mazao ni ya nani. Nilipouliza mjane ni wa nani, mmoja alinijibu kwamba hilo ni suala la mila. Sikuridhika, mpaka leo sijaridhika. Hakuna aliyetaka bibi alale njaa. Tulisogezwa karibu hata nikasikia jirani akikohoa, na bado hakuna aliyejua zamu ni ya nani.

Vijana wa kwetu Kibondo siku hizi wana vikundi vya kulima kwa malipo, vyenye mwenyekiti na katibu, na jembe halinyanyuliwi kabla ya soda. Mimi huwacheka, ingawa kucheka kwenyewe kunaniuma. Msimu uliopita niliwalipa wakamlimia mama yangu, aliyerudi kutoka Tanga na ambaye sasa naye ni mjane. Walilima vizuri, hata saa nne haijafika wakanawa miguu na kuondoka. Mama alikuwa bado jikoni, anawachemshia chai.