Mwanangu Amenipangishia Chumba Ruangwa, Sasa Sijui Nyumbani Kwangu Anaishi Nani

Admin, nifichie jina langu na la mwanangu pia, maana hapa Ruangwa watu wanajuana. Mimi ni mama wa miaka 64, mjane, fundi cherehani niliyestaafishwa na macho. Nimeishi Nambambo, Nachingwea, tangu nilipoolewa. Nyumba ya pale tuliijenga mimi na marehemu kwa hela ya korosho, msimu kwa msimu, hadi ikapata bati. Mwaka jana presha ilinisumbua nikaanguka jikoni peke yangu. Mwanangu, mtoto pekee niliyebaki naye, akasema nihamie Ruangwa anakofanyia kazi ili awe ananiona kila siku. Yeye mwenyewe amepanga vyumba viwili, ana mke na watoto, kwa hiyo ikabidi nitafutiwe changu.

Jamani, kumtafutia mzee chumba ni kazi! Kodi zimepanda, wageni wa kazi za migodini ni wengi, na mwenye nyumba akiniona nashuka kwenye bodaboda nimeshika kiuno, ghafla chumba kimeshachukuliwa. Nilikataliwa mpaka nikazoea. Mmoja tu ndiye aliyesema ukweli, na ndiye aliyetupa chumba kwa bei tunayoiweza. Alimwambia mwanangu nikiwa nimekaa pale pale: "Mdogo wangu, mama simkatai. Ila likitokea la kutokea, msiba unawekwa wapi? Uani kwangu wapangaji wamejaa, turubai nalifunga wapi?"

Mwanangu akajibu haraka, "Kwake Nambambo, kaka. Nyumba ipo. Siku hiyo hiyo tunaondoka naye."

Wakapeana mikono. Iliniuma kusikia napangiwa safari kama gunia la ufuta, lakini nikajiambia angalau nina kwangu. Nikahamia. Funguo za Nambambo akabaki nazo mwanangu, eti awe anakwenda kuangalia nyumba.

Mwezi uliopita jirani yangu wa kule akanipigia. "Dada, hongera, nyumba imependeza na rangi. Hao waliohamia ni ndugu wa upande gani?" Nikamuuliza, waliohamia wapi? Akasema, "Basi labda sijaelewa mimi. Wameng'oa mlango wa mbele, wameweka wa chuma."

Jioni hiyo nikamuuliza mwanangu. Hakushtuka hata kidogo, na hilo ndilo lililonitia shaka zaidi. "Mama, nimeweka watu ili nyumba isioze. Sikukwambia kwa sababu ya presha yako." Nikasema sawa. Lakini mtu aliyewekwa kulinda nyumba, anapaka rangi ya nini? Anabadilisha mlango kwa ruhusa ya nani? Tangu siku hiyo kila kitu nakitazama mara mbili. Akiniletea dawa, najiuliza ananinyamazisha au ananipenda. Akipokea simu akatoka nje, natega sikio. Hata mkwe wangu, ambaye hajawahi kunikosea, siku hizi namwona ananichangamkia kupita kiasi.

Juzi wakanipeleka kuona kiwanja walichoanza kujenga msingi. Mkwe akanionesha: hapa sebule, hapa jiko, hapa watoto. Nikauliza kwa utani, "Na bibi analala wapi?" Mwanangu akacheka, "Mama bwana, si una chumba chako kizuri?" Nikacheka nao. Nilipofika kwangu nikalia sana.

Nikaona nimpime. Nikamwambia nataka nikalale Nambambo wiki moja, nikaangalie mikorosho. Sijamaliza, akadakia: "Barabara mbovu mama, utaumwa. Tena hayo mambo ya nyumba usiyaongee ongee, mwenye nyumba akisikia atakutoa." Mwanangu hajawahi kunitisha maishani mwake. Kama nyumba ya kuwekea msiba bado ipo, mwenye nyumba asikie nini?

Jana huyo mwenye nyumba akanikuta naanika nguo. "Mama, huko nyumbani kwako kuko salama?" Sijui ni salamu tu au naye kasikia kitu. Nikamjibu kuko salama. Nimemdanganya mtu mzima mwenzangu kwa kuogopa kulala nje.

Nauli ninayo. Nikienda nikakuta nyumba imeuzwa, kwangu sina, huku nitaondolewa, na mtoto wangu pekee nitakuwa nimegombana naye. Nisipokwenda, nitaendelea kula chakula anacholeta huku namchunguza usoni. Na inawezekana namsingizia, hilo nalo linanitesa. Wanangu mnaosoma huku, nishaurini mama yenu. Nipande gari nikabishe hodi kwenye nyumba yangu mwenyewe, au ninyamaze nibaki na chumba?