Siku Niliyomkatalia Bosi Kushindwa

Aibu hii niliapa nitazikwa nayo, lakini juzi mpwa wangu wa Dar kanipigia simu, kampuni yao inakwenda kucheza padeli (ule mchezo wa vibao ndani ya kizimba cha vioo), ananiuliza, "Shangazi, siku ya wafanyakazi tupange mtoano au ligi?" Nikacheka mpaka nikakohoa. Basi ngoja niwasimulie na ninyi, mnicheke mara moja yaishe.

Zilikuwa zile enzi za soko huria, watu binafsi wameanza kununua kokoa, na mimi nilikuwa karani wa ghala kwa Bwana Sudi, mfanyabiashara wa Kyela mjini mwenye asili ya Tanga, mtu mpole, lakini ukimya wake ulikuwa unanitisha kuliko makelele ya mtu mwingine. Nilikuwa bado kwenye majaribio. Kuajiriwa, au kurudi kwetu Ndandalo kulima mpunga, kulikuwa mikononi mwake.

Akaamua wafanyakazi wote twende Matema, ufukweni mwa ziwa, tukapumzike, akamwalika na Bwana Gondwe, mwenzake wa biashara kutoka Karonga, upande wa Malawi. Seremala alikuwa ametuchongea vibao, wavuvi wakatuazima wavu uliochakaa tukaufunga mchangani kwenye miti miwili, mpira ukawa wa tenisi, tunacheza wawili kwa wawili. Bwana Sudi akanivika begani kipaza sauti cha betri, kile chenye kinasa sauti cha waya kinachoning'inia kifuani. "Atupele, mashindano ni yako. Panga unavyoona."

Nikapanga mtoano. Kwa nini? Njaa tu, jamani! Mbuzi alikuwa anageuzwa motoni, upepo unaniletea harufu, nikaona ligi itatufikisha jioni, bora mtoano, ukishindwa unakaa pembeni, tunamaliza upesi tunakula.

Mechi ya kwanza kabisa, Bwana Sudi na mgeni wake wakakutana na dereva wetu Ambakisye na mpishi wetu Mama Tusa, ambaye alijifunga kitenge kiunoni akawa anaupiga ule mpira kama anafukuza kuku kwenye mpunga aliouanika. Wakawachapa vibaya. Bwana Sudi akafuta jasho, akaniuliza taratibu, "Kwa hiyo mimi nimemaliza?"

Ile sauti! Niliiona ajira yangu inaelea ziwani kuelekea Malawi. Kabla sijafikiri nikawasha kipaza sauti, "Bado, bosi! Kuna nafasi ya besti luza!" (Yaani aliyeshindwa kwa unafuu kuliko wenzake, neno hilo nililisikia redioni kwenye mambo ya mpira.) "Na besti luza wetu ni Bwana Sudi!" Wanawake waliokuwa wanafua kando ya maji wakadakia kwa vigelegele, "Besti luza! Besti luza!" nadhani walijua ni cheo.

Akarudi uwanjani, akapigwa na makuli wa ghala. Nikatangaza kundi jipya la walioshindwa mara mbili. Akapigwa tena, na safari hii akaanguka kifudifudi. Basi mimi, badala ya kunyamaza, nikatunga sheria nyingine palepale: sasa kila mtu anabadili mwenzake! Nikamuunganisha bosi na Mama Tusa, maana yule mama alikuwa hashindiki, nikasema hiyo ndiyo fainali, na wapinzani wao ni Ambakisye na Bwana Gondwe.

Ambakisye akatupa kibao. "Nimeshinda mechi zote halafu nanyang'anywa mwenzangu? Naenda kula." Akaenda, na wengi wakamfuata, ikabidi nafasi yake niingie mimi.

Nikakisukumia kipaza sauti mgongoni, nikamnong'oneza Bwana Gondwe, "Naomba tuwaachie, huyu mzee akishindwa tena atalia, na mimi nitakosa kazi."

Ufukwe mzima ukasikia. Sikuwa nimekizima! Hata milima ikajibu, "...atalia..."

Waliokuwa wanatafuna wakaacha kutafuna. Mama Tusa akashika kiuno, "We Atu, yaani mimi niachiwe? Mimi?" Bwana Gondwe akageuka kutazama maji. Mimi nikachutama, sijui nilidhani nikiwa mfupi hawataniona.

Bwana Sudi akaja akichechemea, akakizima kile kitu. "Atupele mwanangu, nilipokuuliza kama nimemaliza nilikuwa namshukuru Mungu. Goti linaniuma. Nilitaka kwenda kula."

"Sasa mbona hukusema, bosi?"

"Ningesemaje? Kila nikishindwa unanitangaza kwa shangwe! Nikaona nisikuvunje moyo."

Tulipofika kwenye nyama tukakuta mifupa. "Ndaga fijo, dada Atu," Ambakisye akanishukuru huku analamba vidole, "haya mashindano yako marefu ni mazuri sana."

Kazi niliipata, sijui ni kwa huruma au alihofia nitamtangaza tena. Lakini tangu siku ile nimeapa: mtu mzima akishindwa mbele yangu, namwacha ashindwe kwa raha zake.