Fundi wa Ndege Zisizotoka Chumbani

Saa tatu asubuhi. Mwanamke wa miaka thelathini na minne amelaza shavu juu ya meza, amefumba jicho moja, anachungulia uvungu wa ndege iliyo kwenye skrini. Chai yake imepoa zamani. Hana habari nayo.

"Tazama matairi," anamwambia mwandishi. "Yamegusa lami au yanajishaua?"

Wenzake wanamwita Mama Matairi. Kazi yake ni kuoanisha vitu viwili ndani ya mashine ya kufundishia urubani: umbo la ndege analoliona mwanafunzi, na hesabu zinazoiambia mashine magurudumu yako wapi. Vikipishana, ndege inatua hewani.

Ndivyo ilivyokuwa wiki iliyopita. Rubani mstaafu anayekagua kazi hizo kwa niaba ya shule ya urubani, maarufu kama Kapteni, aliketi, akatua, akaangua kicheko.

"Mwanangu, matairi yamelia, lakini bado tuko juu!"

Mama Matairi hakucheka. Shule ilimpa hadi leo. Ndege ikikubaliwa, atapewa nyingine tano. Ikikataliwa, kazi inakwenda kwa wengine, na ofisi yake ya watu wawili inafungwa.

"Nikiishusha, ikisimama matairi yanazama kwenye lami. Nikiipandisha, ikitua inaelea. Siku nne! Nilikonda, uliza watu," anamwambia mwandishi.

Aliyemwokoa ni dada yake mkubwa, fundi cherehani anayeishi naye. Juzi mchana alikuwa anampima mteja kwa futi iliyokatika mwanzo.

"Dada, mbona unaanzia kumi?"

"Kumi ndiyo sifuri yangu, mdogo wangu. Nikisahau kuitoa, mteja anavaa hema."

Mdogo mtu alitoka mbio, hata mkoba akausahau. Kwenye kitabu cha ndege ile alikuta ukurasa alioupita kwa haraka. Waliounda ndege hawakuanza kupima kwenye ncha ya pua, kama alivyodhani. Walianza sentimita arobaini mbele ya pua, hewani patupu. Kwa hiyo umbo lote lilikuwa limekaa mbele ya hesabu zake. Ndege ikisimama, huoni kosa. Ikiinua pua ili itue, matairi yaliyokaa mbele mno yanainuka nayo. Akalirudisha umbo nyuma sentimita hizo arobaini.

"Nahangaika na juu na chini, kumbe kosa liko mbele!" anasema, akijipiga paji la uso. Si wengi wanaokiri kosa lao kwa furaha namna hii.

Saa nne Kapteni anaingia, anaketi, anashika usukani bila salamu ndefu. Njia ya kutua ndege inakuja. Matairi yanalia, na safari hii yako chini kabisa, yamekanyaga kivuli chao. Mama Matairi ameziba mdomo kwa viganja viwili.

"Tena," anasema Kapteni.

Anatua mara saba. Daktari alimkataza kurusha ndege miaka sita iliyopita, kwa sababu ya moyo. Baada ya ile ya saba anatia saini, kisha anajifuta macho waziwazi.

"Leo nimetua, mwanangu."

Wiki ijayo shule itampandisha Mama Matairi kwenye ndege ya kweli, ajipimie mwenyewe. Maishani mwake hajawahi kupanda ndege. Anampigia dada yake simu, na sauti ya upande wa pili inasikika chumba kizima.

"Hutaogopa?"

"Naogopa kitu kimoja tu, dada. Nikikuta ya kweli ndiyo imekosewa, nitamwambia nani?"