Kapasita Iliyotakiwa Kulala

Siku yangu ya kwanza karakanani Ufukoni nilimuuliza Fundi Mkuu "kwa nini" mara nyingi mpaka akanihamishia meza ya dirishani, mbali naye. Nilikuwa na shahada ya umeme. Yeye alikuwa ametengeneza vipimakina vya boti tangu kabla sijazaliwa.

Kipimakina hutuma mlio chini ya maji na kuhesabu muda hadi mwangwi unaporudi, ili kujua kina. Saa yake ya ndani hutegemea kapasita, kidude cha kauri kinachohifadhi chaji. Desturi ya karakana: ukishachomelea kapasita mpya, kifaa kinalala rafuni wiki nzima ndipo kipimo chake kirekebishwe.

"Kizoee hewa ya chumvi," alisema.

"Fundi, kapasita imezibwa. Hewa inaingilia wapi?"

"Haya, msomi. Ila inalala."

Alipokwenda msibani, nahodha anayevusha abiria mdomoni mwa mto Ruvuma alikuja mbio na kipimakina kibovu. Nilibadilisha kapasita, nikarekebisha kipimo papo hapo, nikamkabidhi. Kilisoma sawasawa. Ili nimuumbue Fundi, nikachomelea kapasita nyingine ya aina ileile na kuifungia kwenye chupa kavu isiyofikiwa na hewa ya chumvi.

Kesho yake nilipoipima, uwezo wake wa kuhifadhi chaji ulikuwa umeshuka. Nikaelewa. Kapasita ikipungua, saa inakimbia, na nahodha anaonyeshwa maji mengi kuliko yaliyopo juu ya mafungu ya mchanga. Nikapiga simu.

"Nahodha, shikamoo. Kile kifaa kinadanganya. Kina ni kifupi kuliko unavyoona."

"Marahaba. Unaniambia nikiwa na watu katikati ya mto?"

"Pima kwa upondo, tafadhali."

Akakata. Nilikaa na simu mkononi, sikugusa kazi yoyote, mpaka alipopiga tena. "Tumevuka. Tumegusa mchanga mara moja. Bosi wako anajua?"

Fundi aliporudi msibani, nilimweleza mimi mwenyewe. Hakupandisha sauti. "Sasa niambie wewe, kama si hewa, ni nini?"

Nikamchorea. Kauri ile ni chembechembe ndogo zilizobanana. Joto la kuchomelea huzifanya zisahau mpangilio wao. Zikipoa, kila chembe hutaka kurefuka upande wake huku jirani anaikandamiza. Mkazo huo wa ndani hupungua polepole chembe zinapojipanga upya, na uwezo wa kuhifadhi chaji hushuka nao. Mwanzoni hushuka haraka, kisha taratibu, ndiyo maana baada ya wiki kipimo hakihami tena sana.

"Kumbe zinagombania nafasi kitandani," akasema. "Si nilikwambia zinalala?"

Mwaka huu amestaafu, na karakana inafungwa. Wenye boti wanapenda kununua vipya. Nami naondoka, kwa hiyo nawaandikia mnaoanza. Bado siamini jambo kwa sababu tu mkubwa kasema. Ila siku hizi kabla ya kuivunja desturi naipima kwanza, na siipimi kwa abiria wa mtu.

Siku ya kumuaga aliniuliza kwa sauti ya chini, "Hewa ya chumvi haihusiki hata kidogo?"

"Hata kidogo, Fundi."

"Basi iandike hiyo sababu yako vizuri. Wasije wakaninukuu mimi."