Siku Nilipofasiri Ng'ombe za Watu

Chekeni tu, maana hata mimi siku hizi nacheka, lakini siku ile pale joshoni nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Ilikuwa miaka ya ujamaa, tumeshahamishiwa kijiji kipya huku Tarime, na padri mmoja alikuwa amenipa kitabu cha Kifaransa ambacho kurasa zake nyingi watu walishavutia tumbaku, zikabaki zile za mimi na wewe, changu na chako, nami nikazisoma kwa hamu mpaka nikajua kwamba mon, yaani "wangu", lilitoka kwa Warumi waliosema meum, na leur, yaani "wao", mwanzoni lilikuwa "wa wale" (mkate unaitwaje, sikujua).

Basi akaja mgeni kutoka Zaire, bwana mifugo, na mwenyekiti wa kijiji akatuita joshoni, pale ng'ombe wanapoogeshwa dawa, akauliza nani anajua Kifaransa. Mbele pale alikaa Mzee Marwa, baba yake Bhoke, binti niliyekuwa nimemposa. Mkono ukapanda wenyewe.

Mgeni akasema mengi huku akionyesha ng'ombe. Nilidaka maneno matatu tu: wenu, wetu, wao. Ningenyamaza! Nikatangaza, "Anasema ng'ombe zenu... ni zetu... ni za wale!" Na kidole nikakinyosha huko mbali (ujuaji huo).

Sasa, tangu tuhame, kijiji kizima kiliogopa jambo moja, kwamba ipo siku ng'ombe nao watatiwa kwenye zizi la pamoja.

"Wale akina nani?" mzee mmoja akauliza, lakini hakuna aliyengoja jibu, wanaume waliruka, yowe likapigwa, ng'ombe wakaswagwa kuelekea Sirari wakavuke mpaka wa Kenya, na Mzee Marwa mbele yao, kiatu kimoja mguuni.

Mgeni akanigeukia. "Ndugu, umewaambia nini?" (Kiswahili!) "Mimi nimesema ng'ombe wenu wanashinda wetu, na majirani zetu wakileta wao, wanawashinda pia."

"Kumbe Kiswahili unakijua?"

"Si niliambiwa mkalimani yupo?"

Ng'ombe walirudi siku ya tatu. Nikaenda kwa Mzee Marwa kuomba radhi.

"Shikamoo, tata," nikasema, yaani baba kwa Kikuria.

"Ng'ombe zangu," akasema. "Na binti yangu. Haya, fasiri."

Bhoke aliolewa na mwanamume wa kijiji cha Issenye. Mimi mkutanoni sijanyosha mkono tena, na sinyoshi. Kitabu ninacho bado, na bado nakisoma, ila ule ukurasa wa mon naupita haraka, kwa sababu asili ya neno "wangu" niliijua mimi, na aliyepata wa kumwita hivyo ni mwingine.