Saba Zilizokatwa Kiuno

Ufutio ukisuguliwa sana kwenye karatasi hutoa harufu ya mpira uliopata moto, na harufu hiyo mpaka leo hunirudisha utotoni. Wenzangu wakiulizwa utoto wao ulinukia nini husema maandazi, au mvua ya kwanza. Wangu ulinukia raba, kama tulivyouita ufutio darasani, na matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa, ambavyo Bibi aliviweka kwenye ungo juu ya kabati, nyumbani kwake Ng'ambo, mjini Tabora. Nilikuwa darasa la tano. Mama alikuwa akifanya kazi Igunga, akaniacha nilelewe na mama yake, mwalimu mstaafu wa hisabati ambaye mtaa mzima ulimwamkia shikamoo kwa sauti ya watu waliowahi kuchapwa naye.

Kiangazi kile Mjomba, kaka yake Mama, alimletea Bibi kitabu cha Sudoku kutoka Nzega alikokuwa akiishi. Kilikuwa na sehemu tatu: rahisi, kati na ngumu. Bibi alizidharau zile rahisi, akisema ni za chekechea, na zile ngumu akasema ni za watu wasio na kuni za kupasua. Yeye na za kati. Alinifundisha kwa lugha ya mtaani kwetu, ambako kila nyumba ilikuwa na wapangaji. Miraba mikubwa tisa ndiyo nyumba, viboksi vyake ni vyumba, na tarakimu ndio wapangaji, moja mpaka tisa. Hakuna mpangaji wa kuchukua vyumba viwili katika nyumba moja, wala wa kukutana na mwenye jina lake kwenye mstari mmoja, uwe wa kulala au wa kusimama. "Usikisie, mayo," alikuwa akiniambia, akiniita mama kwa Kinyamwezi kama alivyoniita siku zote. "Mpangaji hakisiwi. Unamzungusha mpaka kibaki chumba kimoja tu kinachomkubali."

Kitabu hicho hakikuwa mchezo tu. Bibi alikuwa ameunguza sufuria ya maharage mara mbili akiwa amekaa karibu nayo, na Mjomba akaanza kusema ahamie kwake Nzega. Bibi hakutaka hata kusikia. Mimi pia sikutaka, maana akihama yeye ningehama nami, niache shule na marafiki. Wakabishana, kisha Bibi akaweka kidole juu ya kitabu. "Siku nikishindwa hizi za kati, njoo unifungie virago mwenyewe. Kabla ya hapo usinisumbue." Mjomba akacheka, akakubali. Kila mwisho wa mwezi akawa anakuja kwa basi, anakaa sebuleni, anafungua majibu nyuma ya kitabu na kulinganisha.

Sikumbuki ilikuwa siku gani nilipoziona tano mbili katika mstari mmoja. Nilicheka, nikijua naye atacheka. "Bibi, hawa wamekutana." Akautazama mstari ule kwa muda mrefu, macho yakienda na kurudi, kisha akasema kwa sauti ya darasani, "Mimi sioni kosa." Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa nyoka. Mchana ule alipojilaza baada ya chakula nilichukua penseli na raba, nikafuta, nikapanga upya. Wiki iliyofuata nilifuta zaidi. Mwishowe kazi yote ikawa yangu: yeye alijaza asubuhi, nami nikajaza upya mchana, nikisikiliza pumzi zake chumbani na kupuliza vumbi la raba lisibaki mezani. Mjomba alipokuja alilinganisha majibu, akatikisa kichwa kwa furaha. "Mama, kichwa chako kinatushinda sote." Bibi aliitazama mikono yake.

Siku moja nilirudi kutoka shule nikakuta mlango wazi. Jirani alisema alimwona Bibi asubuhi, amevaa vizuri, mkoba begani, akamwambia anachelewa kipindi. Alikuwa amestaafu kabla sijazaliwa. Tulimtafuta stesheni na sokoni, kumbe alikuwa ameshika ile njia ya nyuma tuliyoiita njia ya wapagazi, ambayo zamani misafara ilipita na mizigo ya pembe za ndovu, na ambayo watu husema wapagazi walioishiwa nguvu waliachwa kandokando yake. Ilielekea vijiji alikoanzia kazi. Warina asali walimkuta siku ya tatu porini, ameegemea mti, ameshafariki, viatu amevivua na kuvipanga pembeni. Mkobani mlikuwa na chaki. Matangani Mjomba alikipitisha kile kitabu mikononi mwa waombolezaji. "Tazameni wenyewe, wiki iliyopita tu amemaliza hii. Alikuwa mzima." Kikafika kwangu, nikakitazama kama wengine, nikampa aliyefuata.

Miaka mingi baadaye Mama alinipa kitabu hicho kiwe kumbukumbu. Nilijua nitakutana na mwandiko wangu, lakini sikutegemea nilichokiona. Bibi aliandika saba kwa kuikata kiuno kwa kistari, kama alivyofundishwa na walimu wake. Saba zangu hazikuwa na kistari. Katika kurasa za mwisho saba zangu zote zimekatwa kiuno, kwa mkono unaotetemeka. Kwa hiyo alikuwa akiamka, akikifungua kitabu, akiona. Labda alisahihisha mwandiko tu, kwa mazoea ya mwalimu, asijue ni wa nani. Au alijua, na akanisaidia kudanganya. Kila nikidhani nimepata jibu, linagongana na lile jingine. Mpaka leo, mchana nyumba ikiwa kimya, huzisikia pumzi zake chumba cha pili.

Siku hizi Sudoku nacheza kwenye simu, hapa Dar es Salaam. Ukikosea, tarakimu inageuka nyekundu papo hapo na hakuna cha kusugua. Mama naye amestaafu, anaishi peke yake katika nyumba ileile ya Ng'ambo, na hataki kusikia habari ya kuhama. Alipokuja kunitembelea juzi alileta kitabu chake na penseli, maana simu haitaki. Mchana alikwenda kujilaza. Nikapita mezani, nikaona tisa mbili katika nyumba moja. Ni kosa la mtu yeyote, nikajiambia. Nilipozinduka raba ilikuwa mkononi na tisa moja imeshafutika. Nilisimama pale, mwanamke mzima mwenye watoto wake. Kisha nikaiandika upya ile tisa, palepale pasipo pake, nikatoka uani kumpigia simu Mjomba. Aliitikia marahaba, akauliza kama Mama hajambo. Nikamwambia sijui, na kwamba safari hii aje amtazame yeye, asitazame kitabu.