Mkono Niliouacha ICU

Nilifumbua macho baada ya siku kumi na tisa, nikakuta kuna mkono wa mtu kitandani kwangu.

Umekaa juu ya kifua changu. Mzito, wa baridi, vidole viwili vya mwisho vimejikunja kama ndoano.

Nikataka kuusukuma.

Ndipo nikagundua ni wangu.

Naitwa Synneva, nina miaka ishirini na mitatu. Naishi na mama yangu, Oddbjørg, kisiwani, pwani ya magharibi ya Norwei. Kazi yangu ni kutoa minofu ya samaki kiwandani. Shule haikunikaa. Kisu kilinikaa.

Mafua ya Februari yalinishukia mapafuni. Hospitali ya mjini wakanitia usingizi wa dawa, mashine ikanipumulia, wakawa wananilaza kifudifudi saa kumi na sita kwa siku ili mapafu yafunguke.

Mapafu yakafunguka. Mkono ukafa.

Nikamwambia daktari, Eilif.

"Synneva, ulikuwa unatutoka," akasema. "Huo ni udhaifu wa kulala tu. Utaisha."

"Lakini hivi vidole viwili ndivyo..."

"Mapafu yako sasa! Umeona picha? Safi kabisa!"

Jamani. Mimi nasema mkono, yeye anasema mapafu.

Nami nilivyo, mtu akinikatiza siendelei. Nikasema, "Asante." Kisha nikaenda kulia chooni.

Mwezi wa tano nikarudi kiwandani. Msimamizi wetu, Halvard, akanipa kisu changu. Nikakishika. Kikaanguka.

"Wewe! Samaki ameshakufa, huna haja ya kumrushia kisu!"

Watu wakacheka. Hata mimi nikacheka.

Mara ya pili kilitua sentimita mbili kutoka kwenye buti langu. Hakuna aliyecheka. Halvard akakiokota, akakipangusa, hakunirudishia.

"Bandika lebo kwanza, binti. Mpaka upone."

Miaka minane nimeshika kisu kile. Sasa nabandika lebo kwenye maboksi, tena kwa mkono wa kushoto, zote zimekaa upande.

Nyumbani Mama ndiye aliyekuwa ananifunga vifungo vya koti. Kila asubuhi, kimya. Nikiutaja mkono, anatazama dirishani.

"Utarudi," anasema. Basi.

Juni ndipo nikapata kipimo cha umeme wa neva. Yule mpimaji alinichoma sindano, akatazama mistari kwenye mashine, akaguna.

"Neva imebanwa hapa kwenye kiwiko. Ulilazwaje?"

"Kifudifudi."

"Ah. Ukilazwa hivyo mkono mmoja unainuliwa karibu na kichwa, uso unaelekea upande huo huo. Kila baada ya saa chache wanabadilisha, upande huu, kisha ule. Labda huu ulikaa sana."

Kichwa kiliniwaka. Yaani kuna mtu aliyesahau kunigeuza, halafu miezi mitatu naambiwa ni udhaifu!

Nikataka jina lake.

Kwenye wodi zetu za mahututi wauguzi humwandikia mgonjwa daftari. Kila siku aliyolala, wanaandika kilichotokea, wanabandika na picha, ili akizinduka wamrudishie siku zake. Nilikuwa nimeitwa mara mbili kuchukua langu. Nikaona aibu, sikwenda.

Safari hii nikaenda.

"Achana na hayo, mwanangu," Mama akasema. "Uko hai." Lakini akapanda feri na mimi. Hata kahawa hakunywa.

Muuguzi Torill akatukalisha, akaniwekea daftari mezani.

Picha ya siku ya sita: nimelala kama mtu anayeogelea, mkono wa kulia juu, uso kulia. Siku ya saba, vilevile. Siku ya nane, vilevile.

"Mbona mkono ni huu huu kila picha?" nikauliza.

"Soma nilichoandika," Torill akasema.

Nikasoma polepole.

*Siku ya sita. Synneva, saa saba mchana tulipaswa kukugeuza uso uelekee ukutani. Mama yako alikuwa ndiyo kwanza ameshuka feri. Akasema anaogopa utakufa bila yeye kuuona uso wako. Tukakuacha hivyo. Upepo ukazuia feri hadi jioni, ndipo akaondoka.*

Siku ya saba, maneno yale yale. Ya nane pia.

Mama alikuwa anatazama viatu vyake.

"Waliniambia huo upande umekaa sana," akasema. "Nikawaomba dakika kumi tu."

"Dakika kumi? Mama, siku tatu!"

Sikuwa nimewahi kumpandishia mama yangu sauti. Hata mimi nilishtuka.

"Oddbjørg, wewe ulikuwa unaogopa," Torill akasema. "Wa kukataa nilikuwa mimi. Sikuweza." Akanigeukia. "Ndiyo maana nilikuita. Nilitaka usikie kutoka kwangu."

Tangu siku ya kipimo nilikuwa napanga maneno ya kumwambia aliyenifanyia hivi. Nilipowapata wote wawili, nikalifunga daftari.

Septemba walinipasua kiwiko, wakaiachia neva. Kidole cha pete kimeanza kunyooka. Daktari wa upasuaji alisema ningekuja mapema kingenyooka zaidi. Kisu bado hakikai.

Asubuhi Mama bado hunyoosha mikono kwenye koti langu. Namwambia, "Acha. Nitafunga mwenyewe."

Vifungo vitano. Vinanichukua dakika kumi. Yeye husimama mlangoni, ananingoja.

Nawaambia wewe na wewe. Mtu wako akiwa amelazwa kifudifudi, muuguzi akija kumgeuza, sogea pembeni. Uso utauona akipona.

Na wewe uliyezinduka, ukisema mkono wakakujibu mapafu, sema mkono tena.

Mimi nilisema asante.